Dereva Aliyefungua Mlango Darajani

Kila alipokaribia daraja, Dereva alifungua mlango. Liwe lile refu la Kafue, huko Zambia, liwe kalvati la kuvukia kijito kinachokauka baada ya masika, alipunguza mwendo, akausukuma mlango wake kiasi cha kupitisha mguu, kisha akamwambia aliyekaa kushoto, "Fungua mlango." Mkishavuka husema, "Funga mlango," na safari inaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Mara ya kwanza kupanda lori lake nilidhani mlango wangu haukuwa umefungwa sawasawa. Nilipomwuliza sababu, alinitazama kwa huruma.

"Gari likiingia majini mlango haufunguki tena. Maji yanausukuma kutoka nje. Unakufa umekaa, mkanda kiunoni, kama abiria."

Tangu siku hiyo sijavuka daraja kwa amani.

Jina lake sitalitaja. Tunduma tulimwita Dereva tu, katika mji ambao madereva wamejaa kuliko miti, na bado kila mtu alijua anasemwa nani. Alikuwa mfupi, mabega mapana, na sweta la kijani ambalo hakulivua hata kwenye joto la Kamsamba. Aliendesha semi kwenda Zambia na kuendelea kusini mpaka Durban, huko kwenye bahari. Mimi nilikuwa karani katika ofisi ya wakala wa forodha, nikimshughulikia karatasi zake kila alipokwama kwenye foleni ya mpakani, na kukwama kwenye foleni ile ndiko kulikotufanya tujuane. Yeye alikuwa mtu wa rika la baba yangu. Aliniita kijana, hata nilipooa.

Niseme mapema kilichonipeleka kwake, maana bila hicho ningemjua tu kama nilivyowajua madereva wengine. Naogopa maji. Siogopi maji ya ndoo. Naogopa yanayozidi magoti. Sisi watu wa juu huku tumekulia kwenye baridi na mahindi, na bibi yangu alitufundisha kwamba maji yanayozidi magoti yana mwenyewe. Kisha nikaenda kuoa binti wa bondeni, ng'ambo ya Kamsamba, karibu na Ziwa Rukwa, mahali ambapo mvua ikinyesha njia inazama na watu wanakwenda sokoni kwa mtumbwi. Wakati wa kuposa ilikuwa kiangazi. Niliona vumbi, mpunga uliovunwa na ng'ombe wa wafugaji, sikuona hata dimbwi. Maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Kwa wakwe zangu, mtoto wa kwanza huzaliwa kwa bibi yake mzaa mama. Hilo halikunisumbua. Lililonisumbua ni la pili: baba ndiye anayemtoa mtoto nje kwa mara ya kwanza, kwa mikono yake mwenyewe, na asipofika, mtoto hukaa ndani. Mke wangu alikwenda kwao kabla ya mvua. Mvua ikaja, ziwa likapanda, mtoto wa kike akazaliwa salama, nikapigiwa simu nikalia kwa furaha pale pale ofisini. Jumamosi iliyofuata nikashuka bondeni na mafurushi yangu mpaka kwenye maji, nikatia mguu mmoja kwenye mtumbwi. Mtumbwi ukatikisika. Nikautoa mguu. Nikamwambia mwenye mtumbwi kwamba nimeshikwa na homa ghafla, avushe mizigo tu, salamu nyingi, nitarudi nikipona.

Homa ile haikupona. Kila juma nilikuwa na sababu mpya. Mwishowe baba mkwe alituma ujumbe mfupi ambao bado nausikia masikioni: "Mwambieni mtoto yuko ndani." Na mke wangu kwenye simu hakugombana nami, jambo ambalo liliniogopesha kuliko ugomvi. Alisema tu, "Baba yangu anasema ukishindwa kumtoa, atamtoa yeye. Na akimtoa yeye, huyu ni mtoto wake." Nilijua maana yake. Mtoto angebaki kule, na mama yake pamoja naye.

Dereva alikuwa Tunduma wakati ule, giaboksi ya gari lake imekufa, anasubiri nyingine itoke kusini. Akanikuta ofisini nimejiinamia. Nikamweleza yote. Hakucheka, na hilo lilikuwa la ajabu, kwa sababu alicheka mambo mengi.

"Tatizo lako ni kwamba unaogopa mtumbwi," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Basi tusikupeleke kwenye mtumbwi. Tukupeleke kwenye kitu kibaya zaidi. Ukitoka huko, mtumbwi utauona kitanda."

Kitu kibaya zaidi alikuwa nacho. Alikibeba miaka mingi juu ya mizigo yake, chini ya turubai: ubao mrefu mweupe, mwembamba, umechongoka mbele, wenye kiraka pembeni. Alisema aliupata Durban, kwa vijana wanaopanda mawimbi. Kule, alisema, watu wazima wenye akili zao huacha kazi, wakaingia baharini na mbao kama zile, wakasubiri wimbi liwe refu kama nyumba, kisha wakasimama juu yake na kurudi nalo nchi kavu. Alituhadithia habari hizo hotelini, akiwa amesimama, magoti yamepinda, mikono imetanda, chai inamwagika. Wengine waliamini, wengine walisema anatia chumvi.

Huku kwetu hakuna aliyewahi kuona ubao wa namna hiyo, na karibu kila aliyeuona alidhani ni kifuniko cha jeneza. Dereva mwenyewe alizoea. Upande wa Nakonde akinamama waliokuwa wakivuka na mizigo yao walimpisha njia wakisema pole mukwai, yaani pole bwana. Afisa mmoja wa mpakani alimwuliza marehemu yuko wapi. Dereva akauweka ubao chini, akajilaza juu yake chali, akafumba macho, akasema, "Ni mimi. Nimechelewa foleni." Alipitishwa siku hiyo hiyo. Mimi lakini sikuweza kucheka. Kila nilipoutazama ule ubao niliona kile walichokiona wale akinamama.

Kwa mambo ya nchi kavu, sijaona mtu asiye na hofu kama yeye. Wanasema breki zilimkatikia akishuka mlima upande wa Zambia, na utingo wake akataka kuruka. Dereva akaendelea kuteremsha gia moja moja huku akiimba wimbo wa tenzi, mpaka gari likasimama lenyewe kwenye shamba la mihogo. Akashuka, akamwomba radhi mwenye mihogo, akanunua aliyoiponda. Siku nyingine wezi walipanda juu ya gari lake usiku kwenye maegesho. Alipanda nao, akawakuta wamekalia turubai, akawauliza kama wamekula. Mambo haya nimeyasikia kwa wengine, yeye hakuyasimulia. Alisimulia bahari tu.

Alikuwa na misemo yake, yote imetoka barabarani. "Usitazame shimo. Ukitazama shimo utaingia shimoni. Tazama unakokwenda." Huu alimwambia kila mtu, hata bibi harusi kwenye sherehe. "Mzigo usiofungwa si mzigo, ni ajali." Huu ulimfanya awe msumbufu: alikaza kamba za watu wengine bila kuombwa, alizunguka magari ya wenzake maegeshoni akivutavuta mafundo. Na alipokataa jambo, kwa kuwa nusu ya maisha yake aliishi kwa Wabemba, alisema, "Awe, mukwai," kwa sauti ya upole isiyorudi nyuma. Alisema hivyo kwa polisi, kwa wauza soda, na kwa mchungaji wake.

Kwa mchungaji alisema hivyo mara nyingi. Alikuwa mtu wa kanisa, wa kukaa benchi la nyuma karibu na mlango, sauti ya besi inayobeba kwaya nzima. Alitoa saruji ya kujenga na alisafirisha maiti za waumini bila kudai kitu. Ila hakuwa amebatizwa. Kanisani kwao hubatiza kwa maji mengi, yaani mtu mzima anazamishwa mtoni mwili mzima, na kila Jumapili ya ubatizo ilipotangazwa, Dereva alikuwa safarini. Tulimtania kwamba anaogopa kuziacha dhambi zake. "Nasubiri maji yapate moto," alijibu. Hata kuoga alioga kwa kopo, akimimina kidogo kidogo, akisema amezoea maisha ya njiani. Niliyaona haya yote, na kwa akili yangu ya ukarani sikuyajumlisha.

Mafunzo yalianza uani nyuma ya gereji, Tunduma, mahali pasipo na maji isipokuwa yale ya kuoshea magari. Alijaza upepo tyubu ya tairi la lori, akailaza chini, akauweka ubao juu yake, akaniambia nilale kifudifudi.

"Piga makasia kwa mikono. Wimbi linakuja nyuma yako. Usiliangalie! Linakuja, limefika, sukuma kifua juu, vuta goti, simama!"

Nilisimama, tyubu ikaruka upande wake, nami upande wangu. Nilianguka kwenye changarawe mpaka viwiko vikachubuka. Habari zikaenea. Waendesha bodaboda waliacha abiria, wabadilisha fedha wakaja na mabunda yao mkononi kunitazama. Mama mmoja aliyeuza viazi vya kukaanga hakuvumilia.

"Baba, kwani bahari iko wapi hapa Tunduma?"

"Inakuja, mama," Dereva akamjibu. "Sisi tunaiwahi."

"Basi ikija mtuambie, tuhamishe viazi."

Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa kilio. Nilijiambia hivyo nikijipangusa vumbi. Sikuacha kwenda. Kila jioni baada ya kazi nilikuwa juu ya ubao ule, baridi imenikaza, na polepole miguu ikaanza kuelewa. Ukikaza magoti, unaanguka. Ukitazama miguu, unaanguka. Ukimtazama mama wa viazi anayesubiri uanguke, unaanguka. Ukitazama mbele, juu ya paa la gereji, unakaa juu kwa muda. Dereva aligeuka mkali nisiyemjua. Hakuwahi kunisifu. Alinizunguka akirudia yale yale, na nilipomwambia anionyeshe yeye mwenyewe, alisema goti lake lina ajali ya zamani.

Ndoto zangu wakati huo zilikuwa mbaya. Niliota nimelala juu ya ubao ule na watu wananibeba.

Tukashuka bondeni siku moja ya Ijumaa, kwa basi hadi mwisho wa basi, kisha kwa pikipiki mbili, ubao umefungwa ubavuni mwa ile yangu. Kila tulipofikia daraja, Dereva aliyekuwa mbele alimsimamisha kijana wa bodaboda, akashuka, akavuka kwa miguu katikati kabisa ya barabara, kisha akapanda tena. Joto lilikuwa kama la tanuri, na yeye na sweta lake. Njiani watu waliokuwa mashambani walivua kofia tulipopita.

Ziwa Rukwa siku hizi limepanda, limemeza mashamba na njia na vichaka. Lilikuwa pana, rangi ya chai ya maziwa, na upepo wa mchana ulikuwa umeshaanza kuliamsha. Mawimbi hayakuwa marefu kama nyumba. Yalifika kiunoni, lakini yalikuja moja baada ya jingine bila kupumzika, na kila moja lilivunjika kwa kishindo. Mvuvi mmoja alikuwa akishona nyavu. Nikamwuliza habari za mamba.

"Mamba wako kule kwenye matete. Huku peupe hawaji."

"Hawaji, au hawajaja?"

Akafikiri. "Hawajaja," akasema, akaendelea kushona.

Nilitaka kurudi. Naandika hivi bila kuona haya: miguu yangu ilikuwa imeshageuka. Dereva alinishika mkono, akatoa kamba mfukoni, kamba ya turubai, ile ile ya kufungia mizigo. Alisema wale vijana wa Durban hujifunga na ubao ili usiwapotee. Akanizungushia kiunoni, akafunga ncha ya pili kwenye ubao kupitia tundu alilolitoboa nyuma, akakaza fundo lake maarufu, lile ambalo ukilivuta linazidi kukaza. Akalivuta mara kadhaa, akaridhika.

"Mzigo usiofungwa?"

"Ni ajali," nikamalizia.

Yeye alibaki mchangani. Alisema mwalimu lazima aone picha nzima.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Niliingia nikiwa nimekumbatia ubao, nikisema Zaburi zilizochanganyika. Wimbi la kwanza lilinipiga usoni, nikanywa magadi ya ziwa, chungu, na macho yakawaka moto. La pili lilinirudisha nilikotoka. Nilirudi. Nikalala kifudifudi, nikageuka kuelekea nchi kavu, nikasikia nyuma yangu ile sauti, na Dereva anapiga kelele, "Usiliangalie! Piga! Piga!" Nikapiga maji kwa mikono miwili. Kitu kikaninyanyua kwa nyuma. Sikujua kwamba maji yana mkono. Yalinibeba, ubao ukateleza wenyewe, upepo masikioni, na kabla sijamaliza kupiga ukelele nilikuwa tumbo kwenye mchanga, mzima.

Nikacheka kama mwendawazimu. Nikarudi tena. Nilipanda mengine nikiwa nimelala, jingine nikiwa magotini. Kisha likaja moja, nikasukuma kifua, nikavuta goti, nikasimama. Nilisimama kwa muda wa kusema jina langu. Nilikuwa juu ya kile ninachokiogopa, na kilikuwa kinanibeba kwenda nyumbani. Nikatazama chini kuhakikisha ni kweli, na hapo hapo nikaanguka.

Sikuibuka. Kamba ilikuwa imenasa. Chini ya maji yale ya chai kulikuwa na kisiki cha mti uliozamishwa na ziwa, na kamba ya turubai ilikuwa imekizunguka. Ubao ulivutwa na mawimbi upande mmoja, mimi upande mwingine, na fundo kila nilipolivuta lilizidi kukaza, kama lilivyofundishwa. Kina hakikuzidi kifua cha mtu aliyesimama. Lakini sikuweza kusimama. Nilikuwa nimefungwa kwa chini, uso unafika karibu na mwanga na hautoki. Mfa maji haachi kutapatapa, nami nilitapatapa. Nilimwona binti yangu ambaye nilikuwa bado sijamwona, yuko ndani, mlango umefungwa.

Kisha mkono ukanishika nywele. Nikaona kijani, sweta la kijani limevimba kwa maji, na kisu chake cha kumenyea machungwa kikipita tumboni kwangu. Kamba ikakatika. Maji yaliyofika kifuani kwangu yalimfika yeye kidevuni, na kila wimbi lilimfunika kabisa, naye hakuniachia. Tulitoka kwa magoti. Mimi nilikohoa. Yeye alitambaa pembeni, akatapika, akatetemeka mpaka meno yakagongana kwenye joto lile, na nilidhani amekunywa maji mengi kuliko mimi.

"Mzigo nimeufunga vibaya," akasema alipoweza kusema. Akainuka. "Panda mtumbwi sasa hivi. Kabla mwili haujapoa."

"Twende wote."

"Awe, mukwai. Mimi nalinda vyombo."

Hatukuwa na vyombo. Mvuvi alikuwa ameshautoa ubao kule kwenye kisiki, na Dereva akauweka ndani ya mtumbwi wangu kwa mikono yake. "Ukizama, utakuwa nao," akasema. Nikapanda. Mtumbwi ukatikisika. Niliogopa, lakini ilikuwa hofu ninayoijua, nilikuwa nimetoka kuongea nayo sasa hivi. Nikakaa.

Hatukufikiri watu wa ng'ambo wangeona nini. Waliona mtumbwi unakuja, mwanamume amekaa kimya nguo zimerowa, na kifuniko cheupe cha jeneza kimelazwa katikati. Vilio vikaanza kabla hatujafika. Mama mkwe alikuwa amejishika kichwa, wanawake wanateremka majini wakiuliza ni nani, ni nani. Mke wangu akatoka mbio bila viatu, akaja mpaka maji yakamfika kiunoni, akanishika uso kwa mikono miwili, akasema, "Ni nani aliyekufa?"

"Hakuna. Nimekuja kumtoa mtoto."

Alinipiga kofi, kisha akanikumbatia. Baba mkwe alizunguka ule ubao, akaugonga kwa fimbo yake, akanifungulia mlango. Jua lilikuwa bado juu. Nilimtoa binti yangu nje kwa mikono yangu, akakunja uso kwa mwanga, akapiga chafya.

Tuliporudi kwa mtumbwi baada ya siku za ugeni, na mke wangu, mtoto na ubao, Dereva alikuwa pale pale ufukweni. Alikuwa amelala kwa mvuvi na kushona naye nyavu. Akampokea mtoto, akamshika kwa mikono yote miwili kama usukani, akamtazama sana. "Huyu asiogope," akasema. Giaboksi ikafika, akaondoka kusini, na miaka ikapita kama inavyopita mpakani, magari yakija na kwenda. Baadaye nikasikia ameacha kazi, moyo unamsumbua, amerudi kwao Mbangala.

Mwaka huu akanipigia simu. Sauti ilikuwa ile ile ya besi, ila inapumzika katikati ya maneno. "Kijana, njoo Jumapili. Uje na nguo za kubadilisha." Binti yangu sasa yuko darasa la pili, na huwa anaruka majini kwa babu yake kama samaki. Alitaka kuja, nikamwacha nyumbani. Nilipita Mkwajuni nikifungua mlango kwenye kila daraja. Dereva wa gari nililopanda alidhani nataka kushuka.

Nilimkuta amekaa nje ya nyumba yake, sweta limemzidi ukubwa. Tukala wali na samaki mkavu. Akasema bila utangulizi, "Daktari anasema moyo umepanuka. Siwezi kuendelea kuwa safarini kila Jumapili ya ubatizo."

Nikammiminia chai.

"Unajua Durban nilikuwa nafanya nini?"

"Ulikuwa unapanda mawimbi, mzee."

"Nilikaa mchangani. Wakati wa kusubiri mzigo nilikaa mchangani, nikiwatazama. Kila safari. Mmoja akanipa ubao wake uliopasuka, akaniambia ingia. Sikuingia. Niliubeba miaka yote hiyo nikisema safari ijayo." Akapumua. "Kabla ya siku ile ya kisiki, kijana, maji hayakuwahi kunipita magoti."

Niliogopa pale pale kwenye kiti, hofu ya bure, ya jambo lililokwisha pita. Nilikuwa nimefundishwa na mtu asiyejua, nikafungwa na mtu asiyejua, na mtu huyo huyo, anayeogopa kuliko mimi, akaingia na sweta lake kunifuata. Sikujua nimkasirikie au nimwangukie miguuni. Nikamshika mkono, tukakaa hivyo mpaka chai ikapoa.

Jumapili tukashuka mtoni na waumini wakiimba. Mchungaji alikuwa ameshasimama katikati, maji kiunoni. Waliitwa vijana kwanza, wakazama na kuibuka wakicheka. Likaitwa jina la Dereva. Alikuwa na kanzu nyeupe juu ya sweta; walimwomba alivue, akasema awe, mukwai. Nilikuwa nimemwomba mchungaji niingie naye, akakubali kwa ajili ya moyo wake. Mimi nilikuwa ndani tayari, nikitetemeka. Watu hudhani siku ile Rukwa niliacha kuogopa. Sikuacha. Nilijifunza tu kuogopa nikiwa ndani ya maji.

Dereva alitia mguu mmoja. Ule mwingine ukabaki juu ya ukingo. Akasimama hivyo, akiyatazama maji yanavyomzunguka kifundo, na wimbo ukaisha, ukaanzwa mwingine, ukaisha nao. Hakuna aliyemharakisha. Mkono wake ulikuwa ndani ya wangu.

"Usitazame shimo, mzee," nikamwambia. "Tazama unakokwenda."

Akainua macho, akamtazama mchungaji.

"Umenifunga na kitu?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Hujafungwa."

Akacheka kidogo, pumzi mbili tatu. Akageuka akatazama ukingo nyuma yake, nyasi, viatu vyake alivyovipanga vizuri, ubao ule mweupe ambao mtu aliuegemeza kwenye kichaka. Kisha akanikaza mkono.

"Basi funga mlango," akasema, na akatia mguu wa pili majini.